Jumamosi za Mama Sira

Tulimzika Mama Sira mwezi wa pili, wakati ardhi ya Stockholm imekuwa ngumu kama saruji na wachimbaji wanalazimika kuipasha moto kwanza. Padri wao alisoma kwa Kiarmenia maneno ambayo sisi Wakongo, tuliosimama upande wa nyuma, hatukuelewa hata moja. Tulikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Akina mama wa Hagsätra walikuja na vitenge juu ya makoti ya baridi, na mmoja wao alipoanza kulia kwa sauti, jinsi tunavyolia sisi, niliwaona Waarmenia wakigeuka kumtazama. Nikaona aibu kidogo kwa niaba yake. Halafu mwanamke mmoja wa kwao akatoka kwenye mstari, akaja, akamshika mkono, akaanza kulia naye kwa sauti ile ile. Baadaye, kwenye kahawa, mpwa mmoja wa marehemu aliniuliza nilimfahamu vipi shangazi yake. Nikamwambia tulikuwa tunasimama pamoja siku za Jumamosi. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, ila nilijua hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Jina lake lilikuwa Siranush. Sisi tulimwita Mama Sira, na yeye alipenda. Tangu siku ya mazishi nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja tu, ule ambao barabara ya kwenda kwa ndugu zake ilifungwa na kijiji cha mamkubwa wangu kilichukuliwa na waasi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili na Kiswidi: hospitali, mashuleni, kwenye simu. Bado sijafika umri wa watu wanaoandika maisha yao. Lakini nikisema "ujanani," nina maana ya kabla ya mwaka ule. Wote wawili niliowapigania mwaka huo sinao tena. Mama Sira yuko chini ya theluji, na mamkubwa, tangu Goma ilipotekwa na kambi yake ya wakimbizi kuvunjwa, hakuna anayejua aliko. Nimeuliza kila ninayeweza kumuuliza. Naandika kwa sababu sina kingine cha kufanya na mikono yangu.

Tulikutana kwenye chumba cha chini ya ghorofa, Hagsätra, hatua chache kutoka stesheni ya mwisho. Kilikuwa chumba cha vyama: madirisha madogo juu kabisa ya ukuta, ambayo unaona viatu vya wapita njia tu, meza ndefu za kukunja, na jiko la umeme lenye sahani nne ambazo moja ilikuwa imekufa. Jumapili kilikuwa chetu, kikundi cha maombi cha Wakongo wa mashariki. Jumamosi kilikuwa cha Waarmenia. Mimi nilikuja Jumamosi mchana kuanza sombe, maana sombe nzuri haipikwi kwa haraka, na siku ile niliwakuta wao wameinamia meza wanaandika mabango. Mwanamke mfupi, mwenye nywele nyeupe na miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa jikoni akiviringisha nyama na mchele ndani ya majani ya mzabibu. Alisogeza sufuria yake bila kuambiwa ili yangu ipate nafasi, akachungulia ndani.

"Na nyinyi mnapika majani," alisema kwa Kiswidi.

"Ya muhogo. Natoka Kongo."

"Upande gani?"

"Mashariki."

Kisha akauliza jambo ambalo Stockholm nzima hakuna aliyewahi kuniuliza. "Nani wako yuko kule sasa hivi?"

Nilimwambia: mamkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea. Yuko chini ya turubai kando ya Goma. Alifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu, akanionyesha picha ya mwanamke anayefanana naye, ila mwembamba zaidi, ameshika mkate kifuani kama mtu anavyoshika mtoto. "Dada yangu, Hasmik. Anaishi Stepanakert. Amepanga foleni tangu alfajiri kuupata huu."

Wakati huo sikujua lolote kuhusu Artsakh, hiyo milima ambayo ramani huiita Nagorno-Karabakh, iliyomo ndani ya mipaka ya Azerbaijan lakini wakazi wake walikuwa Waarmenia tangu zamani. Kulikuwa na barabara moja tu ya kuwaunganisha na Armenia, na majira yale ya baridi ilikuwa imefungwa. Chakula hakikuingia, dawa hazikuingia, gesi ilikatwa na kurudi na kukatwa. Kila Jumamosi Mama Sira na wenzake waliandaa mabango, wakala, wakapanda treni kwenda mjini, wakasimama kwenye uwanja wa katikati ya jiji kuwaambia wapita njia kwamba kuna watu wamefungiwa. Aliniambia yote hayo akiendelea kuviringisha majani. Nilipoondoka aliniwekea dolma, yale majani yake yaliyoviringishwa, kwenye kopo la aiskrimu, akasema: "Njooni msimame nasi. Mlete na habari zenu."

Jumapili, baada ya ibada, nilifikisha mwaliko. Baba Safari, mzee wa kikundi chetu, mtu mpole aliyewahi kuwa mwalimu Bukavu na sasa anaendesha basi, alicheka kwa huzuni. "Furaha, binti yangu, sisi tumekufa miaka yote hii. Nani amesimama kwa ajili yetu? Sasa tukasimame kwa ajili ya watu wenye hatujui hata jina la nchi yao?" Akina mama waliguna kukubali. Nikampelekea Mama Sira maneno yale yale Jumamosi iliyofuata, bila kupunguza, kama kazi yangu inavyonitaka. Hakukasirika. "Ana haki," alisema. "Mwambie aniambie siku. Tutasimama sisi kwanza."

Baba Safari akataja siku. Nadhani hakuamini. Theluji ilikuwa inaanguka upande upande, na tulipofika uwanjani tukawakuta Waarmenia wameshafika, wameganda, na Mama Sira mbele yao na bango kubwa alilolipaka mwenyewe kwa Kiswahili: AMINI KWA KONGO. Alikuwa amekosea herufi moja. Mama Nabintu, ambaye kwetu ndiye asiyesita kusema, aliangua kicheko hadi akamshika mtu bega. Mama Sira akauliza kuna nini, nikamweleza kwamba alitaka kuandika amani lakini ameandika neno la kuamini. Uso ukamwiva. Akaanza kutafuta kalamu mfukoni. Baba Safari akamzuia mkono. "Liache, mama. Liache tu hivyo." Tulisimama hadi vidole vikakufa ganzi. Kuanzia hapo tulikuwa Jumamosi zote pamoja.

Watu hudhani maandamano ni kelele. Yetu yalikuwa kimya kirefu. Watu wa Stockholm wana adabu; walipita wakitazama chini, au walisoma bango moja na kulipita la pili. Kijana mmoja alituuliza, kwa nia njema kabisa, "Hii ni vita gani?" Mwarmenia na Mkongo wakajibu kwa pamoja, majibu mawili, akachanganyikiwa, akaomba radhi, akaenda zake. Vahan, mhandisi aliyekuwa mwenyekiti wao, alilishika jambo hilo. Nilimsikia jikoni, mimi nikiwa nyuma ya mlango wa stoo natafuta mwiko. Walikuwa wanazungumza Kiswidi kwa sababu Mama Sira alikataa kuzungumza Kiarmenia cha kuwaficha watu wengine walio chumbani.

"Siranush, ujumbe wetu unapotea. Watu wana huruma kidogo. Ukiigawa haimtoshi yeyote."

"Kwa hiyo nimwambie huyu binti kwamba mamkubwa wake asubiri zamu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo, Vahan jan."

Jan ni neno lao la kumpenda mtu, wanalibandika nyuma ya jina. Hata akigombana alilitumia. Vahan hakuwa mtu mbaya. Mama yake mzee alikuwa kule kule milimani. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa huhesabu kila kitu. Sasa hivi, nikikumbuka, naona kwamba wote wawili walisema kweli. Huruma ya watu ilikuwa kidogo, na haikumtosha yeyote, na hata kama tusingeigawa isingetosha.

Majira ya kuchipua tulipata mkutano na mbunge. Tulikuwa tumeuomba kwa muda mrefu, na kwa wiki mbili jikoni hakukuzungumzwa jambo jingine: nani aende, avae nini, aseme nini kwanza. Tulipokelewa kwenye chumba chenye zulia nene na meza inayong'aa, tukapewa kahawa na mikate ya mdalasini. Mama Sira alizungumza juu ya barabara. Baba Safari, ambaye Kiswidi chake ni cha basi na duka, aliomba azungumze Kiswahili, nami nikamkalimania. Alieleza jinsi mdogo wake alivyokimbia na mama yao mgongoni. Mkalimani husema "mimi" anapomtafsiri mtu mwingine, ndiyo kanuni, kwa hiyo nilikuwa nasema kwa Kiswidi, "Nilimwambia aiache milango wazi ili wasiivunje," na mbunge alikuwa ananitazama mimi, macho yamemlowa. Nilijua ameguswa. Alipomaliza kuandika aliweka kalamu chini na kusema: "Tunafuatilia hali kwa wasiwasi mkubwa. Zote mbili." Baba Safari akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema atafanyaje?" Nikarudia: anafuatilia kwa wasiwasi mkubwa. "Hilo nimesikia. Baada ya wasiwasi?" Nikalitafsiri swali. Mbunge akaitazama kahawa yake. Alisema Sweden ni nchi ndogo. Alitusindikiza mwenyewe hadi mlangoni, akatushika mikono kila mmoja, na Mama Sira, tulipofika nje kwenye jua, alisema, "Ni mtu mwema." Alilisema kama muuguzi anayetaja jina la ugonjwa usio na tiba.

Maana alikuwa muuguzi, maisha yake yote ya kazi, na hilo ndilo lililomtesa majira ya joto. Hasmik alikuwa na kisukari. Dawa yake iliadimika, kisha ikaisha. Mama Sira alijua vizuri mwili wa dada yake unapitia nini kila siku, na chini ya nyumba yake Upplands Väsby kulikuwa na duka la dawa lenye sindano zile zile kwenye friji. Alijaribu kila njia. Alipiga simu kwa mashirika, makanisa, marafiki wa marafiki. Wote walimwambia barabara, barabara. Siku moja niliingia jikoni nikamkuta ameweka simu kwenye meza, spika imefunguliwa, anamwelekeza Hasmik kwa Kiarmenia ale nini na asile nini. Sauti ya upande wa pili ikacheka. Nilimwuliza kwa nini anacheka. "Nimemwambia apunguze mkate," alisema. "Anasema hilo tayari wamelifanya." Akacheka na yeye, akavua miwani, akageukia ukuta.

Mamkubwa wangu naye alikuwa anapiga kila alipopata simu ya kuazima. Alikuwa anazungumza kwa kasi kwa sababu ya salio la watu: mvua imeingia, unga umefika, unga umeisha, wameongezeka wengine kutoka Masisi, "lakini siye tuko wazima, mutoto wangu, usijisumbue." Nilisimama pale jikoni nikisikia, na Mama Sira akinitazama uso. Tulikuwa tumezoea kusomana hivyo. Kila mmoja alijua habari za mwenzake kabla hazijatafsiriwa.

Mwezi wa tisa jeshi la Azerbaijan liliishambulia Artsakh. Ilikuwa kazi ya siku moja na kidogo, halafu barabara ile iliyofungwa miezi yote ikafunguliwa, ili watu waondoke. Karibu wote waliondoka. Tuliona kwenye simu mstari wa magari unaopanda milima bila mwisho, magodoro juu, vikongwe wamekaa nyuma ya malori. Tulifungua chumba siku zote za wiki ile, Wakongo na Waarmenia, hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Mama Nabintu alipika chai na hakuna aliyeinywa. Vahan alipata habari kwamba mama yake amevuka, akakaa sakafuni pale pale alipokuwa. Hasmik alikuwa ndani ya gari la jirani. Simu yake iliita, ikaita, kisha ikazimika. Siku ya pili jirani mwenyewe alipiga. Nilimwona Mama Sira akisikiliza akiwa amesimama wima, kama alivyosimama uwanjani. Hakuuliza maswali mengi. Aliweka simu chini akatuambia kwa Kiswidi, ili wote tuelewe: "Amefia njiani. Wamemzika kwenye mji wa mpakani. Wanasema mahali ni pazuri, kuna miti."

Kwetu mtu akifiwa hatumpigii simu kuuliza tuje lini. Jioni ile akina mama walipanda treni hadi Upplands Väsby na sufuria, mablanketi na magodoro membamba. Mlango ulifunguliwa na Vahan, amevaa suti, nyuma yake wamekaa Waarmenia wachache kimya, na vikombe vidogo vya kahawa.

"Mwambie tumekuja kukaa," Mama Nabintu aliniambia.

"Kukaa hadi lini?" Vahan aliuliza, nilipotafsiri.

"Hadi atuchoke."

Vahan alitazama magodoro, akatutazama sisi, kisha akaanza kusogeza meza. Tulilala sebuleni siku kadhaa. Tuliimba kwa sauti ya chini kwa ajili ya majirani. Hakuna aliyemwambia Mama Sira kwamba mambo yatakuwa sawa. Wakati mwingine alitoka chumbani kwake, akaketi katikati yetu kwenye godoro, akaegemeza kichwa kwenye bega la yeyote aliyekuwa karibu, akarudi. Nilienda kazini kutoka pale na kurudi pale. Sikuwa na maana yoyote zaidi ya kuwepo, na hilo lilinilemea, kwa sababu nilikuwa bado kijana na nilidhani kuwepo ni kitu kinachotangulia msaada.

Baada ya hapo Waarmenia wengi waliacha kuja Jumamosi. Sikuwalaumu. Wangedai nini? Barabara ilikuwa wazi na mwisho wake hapakuwa na mtu. Mama Sira alikuja. Vahan naye alikuja, na hakusema tena neno juu ya ujumbe; alishika bango letu la Kongo kwa mikono miwili na kutazama mbele. Waasi walikuwa wanakaribia Goma. Tulisimama, watu wakapita.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili tulirudi chumbani Hagsätra tukitetemeka, mimi na yeye tu, maana wengine walikuwa na kazi. Nje kulikuwa kumeshaingia giza la mchana, lile la majira yetu ya baridi. Alikuwa anajaza birika wakati simu yangu ilipolia, namba ya Kongo.

"Ni yeye?" aliuliza. "Nipe niongee naye."

"Hajui Kiswidi."

"Wewe si mkalimani?"

Nilifungua spika, nikaweka simu mezani. Nilimwambia mamkubwa kuna mama mmoja anataka kumsalimia.

"Ni yule mwenye alifiwa na dada yake?"

"Ndiye."

"Mumuambie pole sana. Mumuambie huku kambini tulisikia, na tulimuombea."

Nilitafsiri. Mama Sira alishukuru, akavuta kiti, akainamia simu kama mgonjwa amelala pale mezani. "Muulize anahitaji nini."

Zikasikika sauti za watoto nyuma yake. Nilidhani atataja turubai, au dawa ya kifua. Mamkubwa alisema: "Mumuulize, nani alimuosha dada yake?"

Nimewahi kutafsiri maneno ya madaktari mbele ya wazazi. Sikuwahi kusita. Pale nilisita, kisha nikalisema. Mama Sira aliinua macho.

"Sijui," alijibu polepole. "Mwambie sijui. Walikuwa na haraka. Jirani alisema magari ya nyuma yalikuwa yanapiga honi."

Nikalirudisha kwa Kiswahili. Mamkubwa aliguna, akavuta pumzi. Halafu akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia na mimi, sauti ya mtu mzima anayezungumza na mtu mzima mwenzake: "Mumuambie hata miye sijui nani alimuosha mutoto wangu Bahati."

Bahati ni mwanawe wa mwisho, kwa hiyo ni kaka yangu. Tulilala kitanda kimoja hadi nilipokuwa na miaka kumi. Mimi nilijua yuko Beni, anafanya kazi ya fundi, salama. Ndivyo mamkubwa alivyokuwa ananiambia kila alipopiga.

"Amesema nini?" Mama Sira aliuliza. Kisha akaniona uso. "Furaha jan. Amesema nini?"

Birika lilikuwa linachemka. Nilisema kwa Kiswidi, kama kanuni inavyotaka, kwa nafsi ya kwanza: "Hata mimi sijui nani alimwosha mtoto wangu Bahati."

Aliivuta simu karibu na mdomo, akaanza kuzungumza Kiarmenia. Mamkubwa akamjibu kwa Kiswahili. Hawakungoja, hawakupeana nafasi, mmoja aliongea juu ya mwingine, na mmoja alipolia mwingine aliongea zaidi. Nilikaa sakafuni, nimeegemea mlango wa jiko ambao bado ulikuwa na joto. Sikutafsiri tena neno hata moja, na hawakuniomba. Simu ilipokatika, kwa salio au kwa chaji, sijui, Mama Sira aliendelea kuongea kwa muda kabla ya kugundua kwamba upande wa pili hakuna mtu.